Fundi Vidole

Kabla ya chai ya saa nne alikuwa ameshakata vidole vya kutosha kujaza kikombe. Kidole cha sita cha mtoto anayeandika ubaoni. Dole gumba la pili la muuguzi. Na kwenye kitabu cha hesabu, mkulima aliyeshika jembe kwa kitu kilichofanana zaidi na kichana kuliko mkono. Alivikuza kwenye skrini, akavifuta, akaziba pengo kwa rangi ya ngozi, akachora kucha. Kisha akafungua ukurasa unaofuata. Macho yalimwasha na shingo ilikuwa imekakamaa, kwani kiti chake kilivunjika egemeo siku nyingi na kila aliyeambiwa akitengeneze alisema atakuja kesho.

Ofisini walimwita Fundi Vidole. Meneja ndiye aliyeanzisha jina hilo, kwa mzaha, nalo likamganda. Hata hivyo, hawakuwapo wengi wa kumwita. Chumba cha wachoraji cha ile kampuni ya vitabu vya shule kilikuwa na meza tano, na nne kati yake zilikuwa zimebebeshwa maboksi ya karatasi. Akitaka kwenda dirishani ilibidi ajipenyeze upande upande.

Wenzake wanne walimwaga unga ndani ya wiki moja. Yeye alibaki kwa sababu alikuwa mwepesi wa kujifunza. Kampuni ilipoleta programu ya akili bandia, ile unayoiandikia unachotaka nayo ikakuchorea, waliitiwa mtaalamu mwenye viatu vya kung'aa, akawaambia kuwa atakayeizoea atakula, na atakayeinunia atakaa atazame wenzake wakila. Yeye hakutaka kutazama. Alikaa nayo akaijua tabia yake, wapi inapatia na wapi inaharibu. Na alipotakiwa mtu wa kuilisha michoro ya zamani ya kampuni ili ijifunze, ni yeye aliyeketi akaiwekea maelezo mchoro mmoja baada ya mwingine: huyu ni mama, hili ni soko, hii ni furaha. Nusu ya michoro ile ilikuwa ya wenzake. Walimwona akifanya.

Baada ya hapo kundi lao la kwenye simu, lililokuwa likipokea utani kutwa, likawa kimya. Alidhani ni huzuni. Alikuja kujua baadaye kuwa walifungua kundi jingine bila yeye.

Aliyemuuma zaidi ni yule waliyemwita Mzee Kivuli, aliyemfundisha kuchora mikono alipoajiriwa akiwa hajui hata kushika brashi sawasawa. Walikutana dukani siku moja. Mzee alimjulia hali, akamuuliza mama hajambo, akauliza na kazi inaendeleaje, kisha akachukua mfuko wake na kuondoka kabla ya kujibiwa hilo la mwisho. Mara nyingine mashine ilitoa uso wenye kivuli cha samawati chini ya kidevu, kivuli ambacho hakuna mwingine ila mzee aliyewahi kukichora. Hapo alinyanyuka akaenda kuchemsha chai ambayo hakuwa na hamu nayo.

Lakini itakuwa ni kumsingizia tukisema aliichukia mashine. Aliipenda, na kuipenda kwenyewe kulimtia aibu. Miaka yote alitaka kutengeneza kitabu chake mwenyewe, chenye jina lake kwenye jalada, si kule nyuma kwenye herufi za sisimizi pamoja na anwani ya wapiga chapa. Hakuwahi kupata wasaa. Picha moja ya mtaa wenye watu ilikuwa inakula wiki mbili. Sasa mtaa ulisimama asubuhi moja, paa, nyaya, kamba za nguo, mbwa na vyote, naye akabaki na nguvu za kuchora nyuso kwa mkono wake. Jumamosi alikuja ofisini peke yake akafanya kazi yake. Akikwama, aliiuliza mashine inaonaje. Ilimjibu kwa adabu kuwa wazo lake ni zuri. Hata wazo bovu iliita zuri, naye alijua hivyo, na bado aliuliza, maana hakuwa na mwingine wa kumuuliza.

Kitabu kilimhusu mtoto anayesukwa nywele na mama yake. Mama anasimulia hadithi, na kila msuko unapoisha hadithi nayo inasogea. Basi. Lakini mama wa kitabuni alikuwa mama yake mzazi, na mkono wa kulia wa mama yake ulikuwa na vidole vitatu.

Viwili vilibaki kwenye kiwanda cha biskuti. Kinga ya mashine ya kukatia ilikuwa imeondolewa ili kazi iende mbio, na wote walijua imeondolewa, kuanzia mfagizi hadi mkurugenzi. Mama alipokatwa, waliandika kuwa ni uzembe wa mfanyakazi. Wakamrudisha nyumbani na bandeji na boksi la biskuti zilizovunjika. Kazi ikaishia hapo. Mama alikaa miezi akijifunza upya kushika kijiko, kisha akajifunza kusuka, kwanza kichwa cha binti yake, halafu vya watoto wa majirani, mpaka akawa msusi anayetafutwa. Kwa vidole vile vitatu alilea na kusomesha. Hakuwahi kuuficha mkono wake. Alisalimia nao watu, alionyesha nao njia, na aliyeukodolea macho alimsimulia kisa chote, kiwanda na kinga na biskuti, hata kama mtu mwenyewe alikuwa na haraka zake.

Siku binti alipomwomba akae achorwe, aliuweka mkono juu ya meza karibu na dirisha.

“Usinirembe,” alimwambia. “Na hilo kovu uliweke.”

Akaliweka. Lakini kurasa zilikuwa nyingi, na alizianzisha kwa mashine kama alivyofanya kwa zingine. Hapo ndipo yalipoanza mabishano. Aliiandikia: mwanamke anasuka, mkono wa kulia una vidole vitatu. Ikamletea vitano. Akaieleza kwa kirefu, vidole viwili vilikatwa. Ikamwomba radhi, ikamletea vitano. Akaipa mchoro wake mwenyewe iuige. Ikauiga vizuri mno, kovu likiwa mahali pake, na kando ya kovu ikaotesha vidole viwili vipya, laini, vyenye kucha nzuri. Alicheka peke yake chumbani mpaka machozi yakamtoka. Mwishowe alifanya alichozoea kufanya. Alivikata mwenyewe, ukurasa hadi ukurasa, kwa uangalifu ambao hakuwahi kuupa kidole kingine chochote.

Meneja alikipenda kitabu. Alisema mwaka huu kampuni inataka kuonyesha kuwa inakuza vipaji vya ndani, na kwamba jina litakaa kwenye jalada, herufi kubwa. Siku hiyo binti alimpigia mama yake simu toka ngazini. Mama aliuliza kama mkono umetokea vizuri. Alimwambia umetokea vizuri.

Kisha kitabu kikapelekwa kwenye ukaguzi. Mkaguzi naye alikuwa programu. Ilinunuliwa baada ya mwalimu mmoja kupiga picha mbuzi wa miguu mitano kwenye kitabu cha kampuni na kuisambaza, watu wakacheka nchi nzima, na meneja akaponea chupuchupu kufukuzwa. Tangu hapo hakuna kitabu kilichokwenda kuchapwa bila programu ile kuhesabu miguu, macho na vidole. Kitabu chake kilirudi na alama nyekundu karibu kila ukurasa.

Meneja alimwita. Hakumwambia aketi, ila alikuwa mpole.

“Fundi, wewe ndiye ninayekutegemea kwa vidole. Mbona umeniangusha kwenye kitabu chako mwenyewe?”

Alimweleza kuwa halikuwa kosa. Ndivyo mkono ulivyo. Ni mkono wa mama yake. Meneja akaacha kuchezea kalamu, akampa pole, na kwa uso wake alionekana kumaanisha.

“Lakini mtoto wa darasa la pili hamjui mama yako,” alisema. “Ataona kosa. Mwalimu ataona kosa. Wanunuzi watasema hawa jamaa wametuletea tena uchafu wa mashine.”

“Tuandike sentensi moja, bosi. Mama alikatwa vidole kiwandani.”

“Kiwanda kimeingiaje? Watoto wanasukwa nywele hapa.”

“Basi tuseme tu mama ana vidole vitatu.”

“Halafu mtoto aulize kwa nini.”

“Ndiyo, aulize.”

Meneja alicheka kidogo, si kwa ubaya. Alisema yeye binafsi hana neno, hata mkono wenyewe anauona mzuri, tatizo ni kwamba programu haipitishi. Alipoambiwa kuwa yeye ndiye mwenye uwezo wa kuiamuru ipitishe, akageuza skrini yake pembeni.

“Nikiiamuru, inaandika nani ameiamuru. Nina watoto, dada yangu.”

Kisha akamkumbusha, kwa sauti ile ile ya upole, kuwa mkataba wake unaisha mwisho wa mwezi, na kuwa hakuna mchoraji wa kampuni hiyo aliyewahi kupata jina kwenye jalada, hata wale waliozeekea pale. Akasema mashine inaweza kumtolea kitabu kingine cha kusuka nywele kabla ya chakula cha mchana. Anampa yeye nafasi kwa sababu anamthamini.

Alirudi kwenye meza yake kati ya maboksi. Hasira alikuwa nayo, lakini hakuna wa kuisikia. Alimfikiria Mzee Kivuli. Zamani angekwenda kukaa kwenye kona ya meza yake na mzee angetukana kwa niaba yake. Alifungua simu akalitafuta jina lake, akalitazama, akaifunga.

Alifikiria kukataa. Aliwaza kwa makini, kama mtu anayepiga hesabu ya safari: mama ameanza kuona ukungu, hasuki vichwa vingi tena, na kampuni zingine za vitabu zilikuwa na mashine hiyo hiyo na Fundi Vidole wao. Aliwaza pia, na hili hakulipenda ndani yake, kuhusu jina lake kwenye jalada.

Hakuhitaji hata kuchora. Programu ya kuchora ilikuwa imetunza picha zote za mwanzo, na vidole ambavyo alivikata kwa Jumamosi nyingi vilirudi kwa kubonyeza mara moja, ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Mashine ikamuuliza kama ameridhika na matokeo. Haikuwa ikikubali kuendelea bila jibu, akabonyeza ndiyo.

Kitabu kilipotoka alikipeleka nyumbani kwenye bahasha. Hakuwa amemwambia mama. Alipanga kumwambia njiani, kisha mlangoni, kisha baada ya chai. Mama alivaa miwani, akafunua kurasa polepole, akapitisha kidole juu ya jina la binti yake. Aliufikia mkono. Akausogeza karibu na uso, akausogeza mbali.

“Picha zimependeza,” alisema.

“Mama, walinikatalia.”

“Nimesema zimependeza, mwanangu.”

Akakifunga, akakiweka juu ya kabati, akauliza kama atakula. Hawakulizungumza tena. Aliishi na mama yake katika vyumba viwili, na siku zile alimkosa kuliko alivyowakosa wale wenzake wanne.

Mkataba uliongezwa. Vitabu vikasambazwa mashuleni.

Jumapili moja alikuwa akifua nguo kwenye bomba la uani. Mama alikuwa ameketi kibarazani, binti wa jirani yuko kati ya magoti yake, nusu ya kichwa kimeshasukwa. Mtoto alikuwa na kitabu mapajani. Wamepewa shuleni wakisome nyumbani. Alikuwa akisoma kwa sauti, akiburuza maneno, na yule anayefua alijikuta anasikiliza kwa furaha ambayo hakuitarajia. Ilikuwa mara ya kwanza kusikia maneno yake yakitoka kinywani mwa mtu mwingine.

Mtoto akaacha kusoma. Shuleni wanafundishwa kuhesabu vitu vilivyomo pichani, naye akahesabu vidole vya mama wa kitabuni, hadi vitano. Kisha akainua mkono, akaushika mkono wa kulia wa bibi uliokuwa kichwani mwake, akauvuta hadi kwenye ukurasa, akaulaza kando ya ule wa kwenye picha. Akavihesabu na hivyo. Akarudia, isije kuwa ameruka.

“Bibi,” alisema, “mbona wa kwako umekosewa?”

Hakuwa mtoto mtundu. Aliuliza kama anavyouliza darasani.

Mama, ambaye kisa kile alikuwa akimsimulia hata mpita njia, hakujibu. Aliinua macho akamtazama binti yake pale bombani, akangoja. Binti alisimama na povu limemfika viwiko. Maji yaliendelea kumwagika kwenye beseni lililokwisha kujaa.

Mama akauondoa mkono wake taratibu kutoka mikononi mwa mtoto, akauingiza kwenye mikunjo ya gauni lake, akauacha humo. Kwa mkono wa kushoto peke yake akaokota nywele alipokuwa ameziachia, akajaribu kuzisuka. Msuko ukafumuka. Akaanza tena, na mtoto akafunua ukurasa.