Picha Chafu ya Daba

Picha zangu za kioo zilikuwa nne, ya mke mwenzangu Daba ilikuwa moja. Tulizifunga kwa mashuka mawili, tukazipeleka Dakar kwa Birane, mnunuzi wa vitu vya kale. Tangu kwetu Rufisque Daba alikuwa amenishika bega, maana mtoto wa jicho alikuwa amemziba macho yote mawili. Watoto wetu walishachanga hadi wakachoka. Tulitaka tu kujua kama picha hizi zingetosha kumlipia upasuaji.

Birane alizipanga mezani, kisha akazigeuza zote zikalala kifudifudi.

"Mbona unaangalia migongo?" nikamuuliza.

"Mama, hizi huchorwa nyuma ya kioo. Mbele zote ni nzuri. Ukweli uko huku."

Ya simba akaisukuma pembeni. Ya meli, vivyo hivyo. Ya wanawake wanaotwanga, vivyo hivyo.

"Hizi zimechorwa kwa kufuatisha karatasi moja ya mfano. Rufisque nzima inazo, mpaka vinyozi. Zimekupambia nyumba, mama. Waachie wajukuu."

Ya nne ilikuwa ya bibi arusi mwenye hereni kubwa. Niliinunua nilipojifungua mtoto wa kwanza. Birane akang'oa misumari, akanusa rangi, akaisogeza dirishani.

"Hii ni ya zamani kweli." Nikasogea karibu. "Lakini nani alipaka bluu hapa shingoni?"

"Mimi. Rangi ilibanduka, nikaziba kwa ile iliyobaki ya mlango."

"Ilibanduka kwa nini?"

"Labda kwa kuoshwa."

"Kuoshwa nyuma?"

"Nyuma na mbele, kwa sabuni. Kila sikukuu ya kuchinja nyumba yangu huoshwa yote. Picha ndizo zibaki na vumbi?"

"Kwa miaka mingapi?"

"Thelathini na minane."

Birane akakaa chini. Daba akaanza kucheka, akacheka mpaka akakohoa.

"Dada Seynabou," akasema, "umemwogesha bibi arusi mpaka umemmaliza!"

Miguu iliniuma, mgongo uliniuma, na nilikuwa nikikumbuka zile ndoo zote za maji nilizobeba.

Ikabaki ya Daba. Niliona haya hata kuitazama. Ilikuwa na masizi, utando wa buibui na kinyesi cha mjusi. Mara ngapi nilisimama mlangoni kwake nikamwambia, "Daba, hata mbuzi angeipangusa ile picha"? Birane akapiga chafya mara mbili. Kadibodi ya nyuma ilikuwa ileile ya kwanza, misumari imeshika kutu, haijang'olewa kamwe. Pembeni palikuwa na jina la mchoraji kwa penseli. Akalisoma, akarudia kulisoma, kisha akataja bei.

Ilitosha jicho moja, na dawa.

Picha ile Daba alinunuliwa na marehemu mume wetu, wiki ya harusi yao: mwanamume juu ya farasi. Yeye alisema mwanamume anafanana na mume wetu. Mimi nilisema farasi ndiye anayefanana naye, na kwa maneno hayo hatukusemezana mwezi mzima. Sasa alikipapasa kioo taratibu kwa kidole kimoja, akiufuata mgongo wa farasi asioweza kuuona.

"Usiuze kama hutaki," nikamwambia. "Tutatafuta kwingine." Nilisema hivyo nikijua hakuna kwingine.

"Dada, mwaka wa pili huu nalala chini yake na siioni. Nikiing'ang'ania nitabaki na kioo tu." Akamgeukia Birane. "Chukua. Ila usije ukaiosha."

Jumatatu tukaenda hospitali. Muuguzi akauliza tuanze na jicho lipi. Daba akanigeuzia uso, kana kwamba jambo hilo nalo liko kwenye kazi zangu za nyumbani.

"La kulia," nikasema. "Ndilo hunikodolea tukigombana. Nimelikosa."

Muuguzi akaandika la kulia. Nikatafuta benchi, nikavua viatu, nikakaa kumsubiri.