Mfarishi Uliopewa Likizo ya Ugonjwa

Usiseme hukuwaona. Kila asubuhi, saa kumi na mbili kasoro dakika kumi, wanapita mbele ya dirisha lako kwenda kiwanda cha pamba, wafanyakazi mia tatu na kitu, wengine wameshika kifua kama mtu aliyeficha yai ndani ya shati, na wewe unavuta pazia. Unasema jua linakuchoma. Jua lenyewe halijachomoza. Basi utasimuliwa taratibu, maana miaka kumi na tisa ni mingi na wewe hodari wa kusahau.

Jumamosi moja baada ya chai, Mama Viraka alikuwa amepiga magoti sebuleni, pini saba mdomoni, akimalizia mfarishi wa kitanda cha watu wawili. Viti vilikuwa vimepandishwa juu ya meza, na meza imesukumwa ukutani, kwa sababu sebule ni ya hatua nne kwa tano na mfarishi ambao haujashikizwa haukubali kukunjwa. Uso wa mfarishi ulikuwa vipande mia moja arobaini na vinne vya mashati ya marehemu mumewe, ya kazi na ya kutokea. Mgongo ulikuwa shuka kuukuu. Katikati ndiyo pamba. Hakuna aliyemtuma kushona na hakuwa akiuza. Ilikuwa starehe yake. Wengine hufuga paka.

Pamba ilikuwa ya ufagio. Ndivyo inavyoitwa kiwandani: ile inayofagiwa sakafuni kwenye chumba cha kuchambulia, baada ya kukung'utwa kwenye mashine, mabegani na kwenye nyusi za watu. Kila Ijumaa mfanyakazi anaruhusiwa kubeba mfuko mmoja. Kiwanda kinaiita zawadi. Mumewe aliileta nyumbani mpaka alipokufa, na binti yao, aliyerithi mashine ya baba yake, akaendelea kuileta. Mtu mwingine angejiuliza pamba hiyo imepita wapi kabla ya kufika sakafuni. Mama Viraka alijiuliza tu kama itatosha kwenye kona.

Kona ndizo humwaibisha mshonaji. Pamba hukimbilia katikati, kona zikaning'inia kama masikio ya mbuzi. Kwa hiyo Mama Viraka huacha upande wa mwisho wazi, upana wa kiganja, akaingiza mkono hadi kiwikoni na kuzishindilia kona moja moja kabla ya kufunga. Siku hiyo alishindilia zote nne, akafunga ukanda wa pindoni, akakata uzi kwa meno.

Mfarishi ukakohoa. Mara mbili fupi, ukapumzika, kisha mara moja ndefu, kama kiti kinachoburutwa kwenye saruji.

"Huyo baba yako," Mama Viraka alisema, akitoa pini mdomoni.

Binti yake, Kitindamimba, alikuwa mlangoni akivua viatu. "Mama, huo ni mfarishi."

"Najua ni mfarishi. Nani kaushona?"

Kitindamimba alitaka kujibu, akakohoa. Mfarishi ukamwitikia. Wakapokezana kwa muda kama majogoo wa nyumba mbili.

Jirani yao, Mke wa Mrefu, naye mjane wa chumba kile kile cha kuchambulia, alikuja kurudisha mkasi. Alisikiliza huku amesimama, kisha akaketi chini kwenye kona ya kushoto na kunyoosha miguu.

"Hii kona ni ya Mrefu wangu," alisema. "Sikia, anameza kwanza ndipo anakohoa. Mwanamume yule hata kikohozi alikuwa anakifanyia uchoyo."

"Na ile ya miguuni?"

"Ile ni ya msimamizi wa zamu, shoga. Husikii? Mtu anakohoa huku anatoa amri."

Jumamosi iliyofuata wajane walikuwa kumi na mmoja, kila mmoja amekaa kwenye sehemu yake ya mfarishi na kikombe cha chai. Hakuna aliyeuliza imekuwaje. Waliuliza kama unafuliwa. Mama Viraka alisema hathubutu, unaweza kupata baridi.

Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika. Ni wazi kwamba wahenga hawakuwahi kuajiriwa pale. Jumanne ya kwanza ya mwezi wa tatu, miaka kumi na tisa iliyopita, madirisha ya chumba cha kuchambulia yalipigiliwa misumari kwa sababu upepo ulikuwa unapeperusha pamba. Feni ya kunyonya vumbi iliahidiwa Alhamisi. Haikusemwa Alhamisi ipi. Tangu siku hiyo wamezikwa watu kumi na mmoja wa chumba hicho, na kwenye karatasi ya kifo ya kila mmoja Daktari wa kiwanda aliandika neno moja kwa mwandiko mzuri: mafua. Ulihudhuria mazishi matatu kati ya hayo. Ulisifia jinsi yalivyopangwa.

Sasa Kitindamimba ana miaka ishirini na sita na analala ameketi. Kuna chumba cha kufungashia, ghorofa ya pili, chenye madirisha yanayofunguka, lakini hakuna anayehamishiwa huko bila karatasi ya Daktari inayosema kifua chake kimeharibiwa na vumbi. Karatasi ya namna hiyo haijawahi kuandikwa. Hiyo tu ndiyo Mama Viraka aliyokuwa akiitaka. Akapiga hesabu zake: Daktari akishasikia kifua cha baba, atakosa uso wa kukikana cha mwana.

Jumatatu akaukunja mfarishi mara nne, akaufunga kamba, akawapeleka mgonjwa wake na mgonjwa wake mwingine zahanati ya kiwanda.

"Nani anaanza?" Daktari aliuliza.

"Mkubwa," alisema Mama Viraka, akautandaza mfarishi juu ya kitanda.

Daktari alikipasha moto kipimo chake kiganjani, kwa adabu, akakipachika masikioni. Aliusikiliza mfarishi usoni, akaugeuza, akausikiliza mgongoni. "Vuta pumzi," aliuambia. Mfarishi ukavuta, vipande vikainuka vyote mia moja arobaini na vinne. "Toa." Ukatoa, ukakohoa, na ukungu mweupe ukatua kwenye miwani yake. Aliifuta, akaandika bila kusita: Vumbi la pamba limejaa kifuani. Aondolewe kwenye vumbi mara moja. Hewa safi, feni ya kunyonya, mapumziko yasiyo na kikomo.

Mama Viraka aliisoma karatasi mara mbili. "Daktari, miaka yote hii hukuwahi kuliandika neno hili."

"Miaka yote hii, mama yangu, sikuwahi kuletewa mgonjwa asiye mwajiriwa wa hapa. Kwa huyu mkono wangu hautetemeki." Akapigapiga kitanda. "Haya binti, panda."

Alimsikiliza Kitindamimba kwa muda mrefu kuliko alivyousikiliza mfarishi. Binti alikuwa akimtazama usoni. Akakohoa mara mbili fupi, akapumzika, mara moja ndefu.

"Mafua," alisema Daktari. "Anywe maji ya moto."

"Lakini kifua ni kile kile!"

"Kifua ni kile kile," Daktari alikubali kwa upole. "Ila huyu ana namba ya kazi."

Kiwanda kile, useme utakavyo, kinaheshimu karatasi. Siku ya tatu Mke wa Meneja alifika kwa Mama Viraka na gari. Yeye ndiye mwenyekiti wa chama cha kazi za mikono. Ana mifarishi saba aliyoianza mwenyewe na kumaliziwa na watumishi. Alipitisha kidole kwenye ukanda wa pindoni, pande zote nne.

"Jamani, mshono huu! Umenyooka kama mstari wa daftari. Na kona zimejaa! Za kwangu hulegea. Umetia pamba gani?"

Mama Viraka hakuzoea kusifiwa, akasema ukweli. "Ya ufagio, mama. Ya kiwandani."

"Ah. Basi ni wetu," alisema Mke wa Meneja kwa furaha. "Zawadi hupewa mfanyakazi, sivyo? Na ndani ya mfarishi huu hamna hata mmoja aliye kazini."

"Uchukueni. Lakini mpelekeni na binti yangu chumba cha kufungashia."

"Hayo siyo yangu, mama. Mimi niko upande wa sanaa."

Mfarishi ukapewa likizo ya ugonjwa, ya kwanza katika historia ya kiwanda. Ulitundikwa kwenye chumba cha wageni, ghorofa ya juu, mahali penye madirisha matatu, na yote yakafunguliwa. Mfanyakazi mmoja alipewa kazi ya kuupiga brashi laini asubuhi na jioni. Feni ya kunyonya vumbi ililetwa, na ililetwa Alhamisi. Mafundi wa umeme waliipitisha katikati ya chumba cha kuchambulia, ikiwa bado ndani ya sanduku lake, kwa kuwa hiyo ndiyo njia ya mkato kuelekea ngazini. Watu walisogeza mashine wakaipisha. Kitindamimba aliwashikia mlango.

Mwezi ulipokwisha mfarishi ulikuwa na nafuu, unakohoa asubuhi tu. Wageni hunywa chai chini yake. Chini pana kibao: Kazi ya mikono ya familia ya kiwanda chetu. Wajane wanaruhusiwa kuutembelea Jumamosi, saa nne hadi saa tano, na hukaguliwa viatu. Mke wa Mrefu alirudi akilalamika kwamba mumewe amenawiri kuliko yeye.

"Angalau anapumua," alisema Mama Viraka.

"Anapumua, ndiyo. Shoga, mwanao nimemsikia jana uani. Anameza kwanza, kama Mrefu wangu."

"Nyamaza."

"Nimenyamaza."

Mama Viraka bado anashona. Starehe ni starehe. Siku hizi katikati anatia blanketi kuukuu. Wiki iliyopita Mke wa Meneja alimletea ombi la mfarishi mwingine, mdogo, wa kochi. Alisema wageni wameupenda ule mkubwa, ila sauti zake ni nzito, na angependa huu ukohoe kwa sauti ya kike. Aliuliza kama utachukua muda mrefu.

Mama Viraka alichomeka sindano kwenye kola ya gauni lake. "Huo hautashonwa," alisema.

"Basi nitasubiri," alisema Mke wa Meneja. "Sina haraka."

Sasa wewe. Huna namba ya kazi pale. Hakuna atakayekufukuza wala kukukata siku. Weka chini ulichoshika, usitafute kwanza viatu vizuri, vuka barabara. Zahanati ni mlango wa pili baada ya lango, na Daktari yupo. Mwambie amwandikie mtu neno alilokiandikia kitambaa. Usikubali kiti. Usikubali chai. Usiondoke bila karatasi mkononi. Nenda sasa hivi, Kitindamimba yuko ndani na zamu haijaisha.