Kiko Cheusi cha Enid

Lifti yetu ilipona Jumatatu, na mimi sikuiamini. Lifti ya jengo hili ni kama mlevi aliyeapa kuacha: unampongeza, lakini pochi unaificha. Hata hivyo Alhamisi ilikuwa siku ya mashindano ya chama chetu cha viko. Nyonga yangu haiwezi ngazi, na mimi nakaa juu kabisa, ghorofa ya kumi na moja. Ningefanyaje?

Mashindano yenyewe ni ya wazee wasio na haraka. Kila mtu anapewa tumbaku kiasi kilekile na njiti mbili za kibiriti. Filimbi ikilia, mnawasha pamoja. Atakayebaki na moto wa mwisho ndiye mshindi. Unanyonya kidogo sana, kama mtu anayeonja chai ya moto, ili moto usife wala usikue. Tunakutana saa tisa alasiri, bustani ya baa iliyo nyuma ya kanisa, hapa hapa mjini Rochdale. Ukiikosa filimbi, unakaa unatazama wenzako.

Mwaka huu nilikuwa na kiko cha Enid.

Enid, mke wangu, hakuvuta hata siku moja, ila jicho alikuwa nalo. Jumapili tulikuwa tukizunguka masoko ya vitu vikuukuu. Mimi bado nahangaika na miwani, yeye ameshakichomoa kiko cha maana kutoka chini ya rundo la vijiko vilivyopinda. Hiki alikipata mwaka wake wa mwisho. Kiko cha Kiingereza cha zamani, cha mzizi mgumu, cheusi kwa uchafu, pete ya fedha shingoni, na mdomo wake umegandia kabisa. Cyril Bamforth, bingwa wetu, alicheka mpaka akakohoa. "Enid, mama, hicho kaote nacho moto!"

Enid akamjibu, "Cyril, hiki hiki ndicho kitakachokuzimisha mbele ya watu."

Baridi ilipokuja moyo wake ulisimama, na lifti nayo ilikuwa imesimama. Vijana wa gari la wagonjwa walimteremsha kwa kiti, ngazi baada ya ngazi. Alikata roho kabla ya kufika mlangoni. Wakubwa wa ofisi ya nyumba, wenye jengo hili, waliniletea maua. Lifti hawakuileta.

Kile kiko nilikiogopa muda mrefu. Mdomo uliogandia ukiupinda kwa nguvu unavunjikia ndani, basi umekiua. Mwishowe nilikilaza kwenye friza, karibu na njegere, mpaka mdomo ukasinyaa, nikauzungusha taratibu ukatoka. Nikakijaza chumvi na spiriti kuondoa uvundo. Ukoko wa masizi ndani ya bakuli lake ulikuwa mnene, wenye harufu ya mtu mwingine, nikaukwangua wote mpaka mti ukaonekana mweupe. Hapo nilizidisha. Ukoko ndio ngao ya kiko, na mti mtupu hauna kinga dhidi ya moto. Unapaswa kukivuta kwa upole mara nyingi mpaka kifanye ukoko mpya. Lakini nikasema, mashindano yetu si ni ya upole? Kitafaa.

Alhamisi, nikiwa nimeshavaa koti, mlango ukagongwa. Ni Bwana Lomas wa ofisi ya nyumba, kijana wa miaka thelathini hivi, kitambulisho kinaning'inia kifuani. Akaitazama meza yangu ya jikoni, tupa, vitambaa, chupa ya spiriti.

"Mzee Wilf, hivi vyote lazima viondoke. Ni hatari ya moto."

"Hatari ni lifti yenu, bwana."

"Ndiyo maana tunakutafutia chumba kwenye makao ya wazee. Kipo chini, hutahitaji lifti tena."

"Huko kiko kinaruhusiwa?"

Akakohoa kidogo. "Hapana."

"Basi hicho chumba kalale wewe. Mimi nina safari."

Tukaingia lifti pamoja, kila mtu anatazama mlango. Ilishuka kama inataka kupiga chafya, ikatikisika, ikakwama. Kwenye upenyo wa mlango niliona sakafu ya ghorofa yetu usawa wa shingo yangu.

Lomas alibonyeza kengele ya dharura. Kimya. Akabonyeza tena.

"Ongeza nguvu," nikamwambia. "Labda inakusikia ila imekunyamazia, kama nyinyi mnavyotunyamazia sisi."

Akapiga simu kwa waajiri wake mwenyewe. Wakampigia muziki. Baada ya muziki mrefu, mama mmoja akamwambia fundi yuko Leeds, atafika jioni. Lomas akasema yeye ni mfanyakazi wao. Yule mama akamwambia pole, foleni ni foleni. Akapiga na zimamoto, wakamwambia lifti iliyokwama ni ya fundi, wao ni wa moto. Nilicheka peke yangu.

Kisha nikampigia Cyril. Nyuma yake nilisikia bilauri na vicheko.

"Uko wapi wewe? Au umeniogopa?"

"Nimekwama kwenye lifti, Cyril. Na kiko cha Enid mkononi."

Vicheko vikapungua. Cyril akanong'onezana na wenzake, akarudi. "Sikiliza. Una tumbaku?"

"Ninayo."

"Basi weka simu wazi. Nikipuliza filimbi, washa huko huko. Nitakuamini, ingawa maisha yangu yote sijawahi kukuamini."

Lomas akanyoosha kidole. "Hapana, mzee. Ndani ya lifti ni marufuku. Hapo juu, kwenye ghorofa, kuna kengele ya moshi, inaita zimamoto moja kwa moja."

Filimbi ikalia simuni. Nikawasha.

Kilivuta vizuri, jamani. Moshi ulitoka mwembamba kama uzi wa kushonea. Enid alikuwa amepatia. Niliegemea ukuta, nikanyonya kidogo, nikangoja, nikanyonya tena. Cyril alikuwa akitangaza walioanguka: Harold kazimika, Norman kazimika. Mimi bado.

Ndipo nikamwona Lomas ameteleza ukutani, amekaa sakafuni. Uso umekuwa kama unga, jasho linamtiririka.

"Mzee, siwezi kupumua."

"Pumzi ipo. Vuta kidogo kidogo, kama mimi."

"Vidole vyangu havina hisia. Kifua kinabana." Akanishika suruali. "Ile kengele, mzee. Ya moshi. Puliza! Puliza sana ilie, waje!"

"Si ni marufuku?"

"Mzee, nakuomba."

Nilikitazama kiko. Uzi ule wa moshi usingefika popote. Ili kengele isikie, ilibidi nivute kama garimoshi, na mti wenyewe ulikuwa mtupu, nimeukwangua kwa mikono yangu. Simuni Cyril akasema, "Wilf, tumebaki wawili. Mimi na wewe. Enid ananiaibisha kweli!"

Nikitaka kusema ukweli, nilikaa kidogo bila kufanya kitu. Nilitaka mmoja wao, hata mmoja, ajue kukaa ukingoja watu wasiokuja. Lakini Lomas alikuwa amefumba macho, midomo ya bluu, na ile rangi ya midomo nilikuwa nimeshaiona.

Nikavuta. Nikavuta mpaka mashavu yakauma, nikaupulizia moshi upenyo wa juu ya mlango. Bakuli likawa moto, nikalishika kwa kitambaa. Harufu ya tumbaku ikaondoka, ikaja harufu ya mti unaoungua. Nikaendelea. Pembeni bakuli likapasuka, mwanya mwekundu kama jicho. Huko juu kengele ikaanza kulia, jengo zima.

Zimamoto walifika upesi. Kengele yao inafanya kazi. Walizungusha gurudumu la lifti kwa mkono, wakaipandisha mpaka ghorofa yetu, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu. Nikatoka nilikotokea.

Lomas walimweka kwenye kiti cha kubebea. Akanishika mkono. "Asante, mzee. Nitawaambia kuhusu lifti."

"Walishaambiwa," nikasema. "Mke wangu aliwaambia kwa kufa."

Mmoja wa zimamoto akaniuliza, "Na wewe, mzee, tukushushe?"

"Jioni mtanipandisha?"

Wakatazamana. "Hiyo siyo kazi yetu."

Basi nikasimama juu ya ngazi nikiwaangalia wakimteremsha, kona kwa kona, kama alivyoteremshwa Enid. Tofauti ni kwamba huyu alikuwa akiongea.

Simu bado ilikuwa wazi mfukoni. "Wilf! Bado unawaka?"

"Kinawaka, Cyril. Ila kinachowaka si tumbaku, ni mti."

"Kile cha Enid?"

"Hicho hicho."

Nikasikia ko, ko, ko, kiko kikigongwa ukingoni mwa meza. Ni Cyril, anamwaga tumbaku yake ingali na moto.

"Basi kanizimisha," akasema. "Mbele ya watu. Shuka, mjinga wewe, nikununulie bia."

Nikautazama mlango wa lifti. Zimamoto walishauzungushia utepe wa njano, na kando bado imebandikwa karatasi ya ofisi ya nyumba ya kutuomba radhi kwa usumbufu.

"Waulize wao nitashuka lini," nikamwambia, nikarudi ndani kukizima kiko kwenye sinki.