Miaka Ishirini ya Mvua

Sisaini ng'o! Nilimwambia mkurugenzi hivyo Jumatatu asubuhi, mbele ya watu, na sauti sikuipunguza.

Fomu yenyewe ilikuwa ya kufuta. Hifadhi ya kompyuta zetu za utabiri wa hali ya hewa ilikuwa imejaa pomoni, modeli mpya, yaani programu inayokokotoa mvua na joto, haina pa kuandikia, na diski nyingine hatununuliwi. Basi mkurugenzi akaona dawa ni kufuta miaka ishirini ya mvua ya bonde letu, kuanzia mlimani hadi darajani, ambayo modeli ya zamani ilikuwa imeikokotoa saa kwa saa. Kwa utaratibu wetu faili halifutwi bila saini mbili, yake na ya mtunza kumbukumbu. Mtunza kumbukumbu ni mimi.

"Ni mambo ya zamani hayo, dada," akasema. "Nani anayasoma?"

"Mimi! Mvua ikinyesha mlimani, humo ndimo ninamopata maji yatafika darajani baada ya saa ngapi. Ukifuta, tutakuwa tunawaonya watu kwa kubahatisha."

Na sifichi, nilikuwa na langu. Mama yangu anakaa bondeni, nyumba ya tatu chini ya daraja, na habari ya kuhama hataki hata kuisikia. Kinachomwokoa ni simu yangu: mama, toka, una saa nne. Hizo saa nne sikuziota.

Mkurugenzi akanipa hadi Ijumaa saa sita mchana. Nilete njia nyingine, au nilete kalamu.

Nikarudi mezani nimefura. Nikafungua faili ili nijue hasa nini kinakula nafasi, nikakuta, kando ya mvua, joto la asubuhi moja: ishirini na tatu nukta nne, halafu tarakimu kumi na tatu zimejipanga nyuma yake. Jamani! Kipimajoto chetu pale uani kinasoma tarakimu moja tu baada ya nukta, tena kwa kukikodolea macho. Hizo nyingine za nini? Miaka nenda miaka rudi tumeishibisha diski makapi, kwa sababu aliyeandika programu alidhani wingi ndio ubora, na sisi tuliomfuata hatukuuliza.

Nikachukua nakala ya mwaka mmoja, ule wa mafuriko makubwa, nikazikata. Kila namba ibaki na tarakimu moja baada ya nukta, kama kipimajoto, kwisha. Faili likanywea hata robo halikufika. Jumatano nikawaita wenzangu waje waone, na mbwembwe nilizifanya, msiniulize.

Fundi wa mitambo, ambaye mzaha kwake ni chakula, akafungua ramani ya mvua. Nyeupe. Akaenda mwezi unaofuata. Nyeupe. Mwaka mzima wa mafuriko, hata tone.

"Hongera, Mama Ukame," akasema. "Mafuriko umeyakomesha!"

Walicheka mpaka mkurugenzi akatoka ofisini kwake kuuliza kuna nini. Nilitamani ardhi ipasuke. Modeli huandika kila saa, lakini kipimo chake ni mvua ya sekunde moja, na mvua ya sekunde moja, hata ile ya kung'oa mapaa, huanza na sifuri nukta sifuri sifuri, ndipo namba yenyewe ifuate. Mimi nilikata kabla haijafika. Kosa la kitoto, na nilikuwa na miaka kumi na tisa kazini.

Lakini kosa moja haliachi mke. Alhamisi nikaanza upya: sihesabu tena kutoka kwenye nukta, nahesabu kuanzia tarakimu ya kwanza isiyo sifuri, nabakiza nne. Mvua ikarudi, na faili likabaki dogo vilevile.

Ijumaa mkurugenzi alikuja na fomu yake mkononi. Nikamwekea mezani ramani mbili za siku ya mafuriko, moja nzima, nyingine niliyoipunguza.

"Mzee, nzima ni ipi?"

Akavaa miwani, akaziinamia weee, kisha akagonga ya kushoto. "Hii. Mtu mwenye macho anaona."

Fundi akakohoa. "Hiyo ndiyo ya Mama Ukame, mzee."

"Na zote mbili," nikasema, "zinanipa saa nne na dakika kumi hadi darajani."

Uso ukamwiva. "Juzi ulipoteza mvua ya mwaka mzima, leo nikuamini? Ukikosea tena atawajibika nani?"

Hapo nilisimama. "Nikikosea, maji yatamkuta mama yangu kwanza. Ukifuta wewe, yatamkuta yeye yule, ila mimi nitakuwa nimeshika simu sina cha kumwambia. Nifukuze ukitaka. Sisaini."

Mkurugenzi akairekebisha miwani, akaangalia ramani tena, zote mbili.

"Hizo saa nne," akauliza polepole, "zinamtosha kupanda hadi juu?"

"Kwa shida, mzee. Magoti yake mabovu. Ndiyo maana sikuachii hata dakika moja."

Akaichana ile fomu, akaniambia nianze kupunguza, kuanzia mwaka wa kwanza.