Kitanda Namba Nne

Mzee Malale alimpa binti yake sharti moja tu kabla hajapanda basi pale Sibwesa.

"Chuo utasoma ukilala ndani ya uzio wao. Nikisikia umepanga chumba mtaani, siku hiyohiyo unarudi kwenye ng'ombe."

Minza aliitika. Alimjua baba yake, neno lake halikuwa na rufaa. Kwa hiyo alipofika chuoni Mpanda na kukuta jina lake kwenye orodha ya hosteli, chumba cha pili, kitanda namba nne, alikaa kwenye godoro tupu akalipapasa kama mtu anayekagua mtamba mnadani.

Wenzake wa chumba hawakumsalimia. Monika, mwenye kitanda namba tatu, alitazama dumu la samli na mfuko wa matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, akaziba pua, akarudi kwenye simu yake. Aliyemchangamkia alikuwa Immaculata, msichana mrefu aliyekosa kitanda na kulala sakafuni kwenye mkeka. Yeye alikuwa wa kwanza kwenye orodha ya wanaosubiri.

"Wewe Msukuma?"

"Ndiyo, dada."

"Mtumwa wangu huyo kafika! Mimi Mfipa. Lete hilo dumu, ni mali yangu."

Uso wa Minza ukafunguka. Mtani! Kumbe hata huku wapo. "Chukua, mchawi wewe, usije ukanipiga radi bure!"

Kwao utani wa makabila haukuwa mchezo wa maneno tu. Watani wa baba yake walikuja wakachukua jogoo, wakachukua kofia kichwani pake, naye akacheka mpaka machozi. Alimfundisha hivi: ukimnunia mtani, umeniaibisha mimi.

Wiki nzima Immaculata alikula matobolwa, akavaa kandambili za Minza, akajilaza kwenye kitanda namba nne mchana kutwa. Mbele ya watu alimwita mchunga fisi. Minza alicheka kwa sauti kuliko wote, na kila alipocheka, Monika na wenzake walitazamana.

Ijumaa tangazo likabandikwa kwenye mlango wa matroni. Immaculata ndiye aliyekwenda kulisoma.

"Ukaguzi wa vitanda kesho saa nane mchana," alisema. "Kila mtu asimame penye kitanda chake. Asiyekuwepo, kinakwenda kwa anayesubiri."

Asubuhi ya Jumamosi akamwamsha Minza kwa teke. "Mtumwa, nina njaa. Nenda sokoni kaniletee vitumbua. Na uende peku, viatu navivaa mimi."

Minza akaenda peku, anacheka njia nzima.

Aliporudi, saa mbili na nusu, matroni alikuwa chumbani na daftari lake. Monika alisimama penye namba tatu, anatazama ukuta. Penye namba nne alisimama Immaculata, shuka za Minza zimetandikwa vizuri nyuma yake.

Minza akaangua kicheko. Akapiga makofi, vitumbua vikiruka kwenye mfuko. "Jamani mtani wangu huyu! Hata kitanda kachukua!"

Matroni akainua kalamu. "Mnajuana?"

"Sana tu, mama!"

"Na umempa kitanda?"

"Mtani akichukua kachukua, mama, mimi nitasema nini?" Minza alijifuta machozi ya kicheko, akamgeukia Immaculata. Sasa ilikuwa zamu ya mtani kucheka.

Immaculata hakucheka. "Kama alivyosema, mama," alijibu. "Kanipa."

Kalamu ikaandika.

"Hapana! Mama, nilikuwa natania. Ni changu, jina langu limo humo!"

"Lilikuwemo. Saa mbili kamili hukuwepo, na sasa umeniambia mwenyewe kachukua. Mimi nimekuja hapa kukagua vichekesho?" Matroni akafunga daftari. "Kapange mtaani, kule Nsemulwa vyumba viko tele. Hamisha vitu kabla ya saa sita."

Alipotoka, Minza alisema polepole, "Uliniambia saa nane."

"Nilikutania," alisema Immaculata, akamnyang'anya mfuko. Akaonja kitumbua. "Vimepoa."

Monika ndiye aliyecheka.

Minza aliketi kwenye ndoo yake nje ya geti akampigia baba. Hakuwahi kumdanganya, na hakujua angeanzia wapi. Akaeleza yote, vitumbua, shuka, peku, kalamu.

Kisha Mzee Malale akacheka. Alicheka mpaka kikohozi kikamshika, akamwita mkewe aje asikie. "Mfipa kachukua kitanda, na mwenyewe anampigia makofi! Eeh, huyo ni mtani kweli, mwanangu. Huyo kanishinda hata mimi."

Minza naye akajaribu kucheka, ili asimwaibishe. Labda kwa kicheko kile sharti lingelegea.

"Baba, sasa chuo…"

"Basi la Sibwesa linatoka saa ngapi?" aliuliza Mzee Malale, bado akijifuta macho. "Liwahi. Ndama wawili wanaumwa, na hakuna wa kuwashika."