Saa Moja na Robo

...na huyu mzee naye, kidole kimeganda kwenye kioo cha kaunta utadhani kimegundishwa, anauliza tena ni kilomita ngapi, kana kwamba ataiendesha yeye hiyo ndege, lakini miaka kumi na minne ya kukata tiketi imemfundisha mtu kutabasamu huku anasaga meno, kwa hiyo akatabasamu, akasoma kwenye kompyuta, elfu mbili mia mbili na kumi, mzee wangu, kiwanja hadi kiwanja, mwendo ni saa moja na robo, inaondoka saa nane na dakika kumi, inatua saa tisa na dakika ishirini na tano, hata baba yangu anapanda hiyo hiyo leo... "Binti yangu," mzee akacheka, "nimeendesha malori miaka thelathini, kilomita nazijua. Elfu mbili kwa saa moja? Hiyo ndege au risasi?" ...risasi, loh, siku hizi kila mteja mtaalamu, jibu alikuwa nalo ulimini, kule inakotua saa zao ziko nyuma kwa saa mbili, anajua, jamani, si anajua! kila wiki huwacheka wanaotoa saa ya kuondoka kwenye saa ya kutua kama watoto wa darasa la pili, na asubuhi jikoni, mkono mmoja kwenye sufuria, akatoa vivyo hivyo... saa tatu na robo, si moja, tatu... na betri ya mashine ya Baba ya kupumulia ni saa mbili na nusu, hapo ikijitahidi, na mdogo wake alikuwa ameishika ile ya akiba, "Dada, na hii?" naye akamjibu kwa sauti yake ya msomi wa ukoo, "Ya nini mzigo wote huo, mtafika hata shati halijakunjamana," Baba akacheka mpaka akakohoa, betri ikabaki juu ya friji... saa ya ukutani, saba na dakika hamsini na mbili, wanaingia sasa hivi, Baba na mrija wake puani, anamtangazia kila mtu kwamba binti yake ndiye aliyepanga yote... simu, iko wapi, chini ya mafaili, inaita, pokea basi, inaita, aseme ndege ina hitilafu, wangoje ya kesho, uongo mzuri kabisa, umenyooka, hakuna atakayejua, yule mdogo wake hatapata la kumtania hadi uzeeni... "Sema, mjuaji, tuko mlangoni, Baba anakusalimu"... lakini uongo utaulizwa maswali, hitilafu gani, mbona hawajatangaza, na maswali yatakula dakika... "Mtoe Baba kwenye foleni. Nimekosea hesabu. Betri haitoshi." Kwa mbali ile mashine, inavuta, inasukuma, inavuta... "Wewe? Umekosea?" ..."Mimi," akasema, na neno halikumuua, na yule mzee dereva bado kidole chake kiko kwenye kioo, anangoja kuambiwa ni saa ngapi hasa.