Kaburi la Kache

Tangu Chama cha Mizizi kiingie Gongoni, Nyevu hakuona mtu wa kumheshimu. Alikaa langoni mwa mashamba ya chumvi akikaanga mahamri, na kila aliyepita mbele ya karai lake amevaa fulana ya chama, Nyevu alimpima kutoka utosini hadi kwenye ndara, akamwona bure.

Pembeni yake alikaa Wangu, muuza chai, aliyetoka bara miaka kumi na tisa iliyopita. Walitumia jiko moja na benchi moja. Mteja alichukua hamri huku na chai kule. Biashara ilikwenda vizuri hadi bei ya chumvi ilipoanguka na kampuni ikafukuza nusu ya wafanyakazi. Benchi likabaki na wanaume wasio na senti ila wenye maneno mengi. Hapo ndipo chama kilipokuja na jawabu lake jepesi: wabara wakiondoka, kila kitu kitatosha.

Nyevu alicheka mpaka akashika mbavu. Ngumbao, mbeba magunia, aliachishwa kazi na binamu yake mwenyewe, Mgiriama kindakindaki, lakini aliyemlaumu ni mbara. Huyo afadhali alikuwa na njaa. Amjad, mwenye duka la jumla, tumbo lilimtangulia mlangoni. Kilichomuuma ni duka la mbara lililofunguliwa mkabala na lake, likauza sukari rahisi. Babu yake alishuka Mambrui kutoka Arabuni na kikapu cha tende, leo mjukuu ndiye mwenye mji. Mwalimu Lewa, mwenye shahada na asiye na ajira ya kudumu, alijiunga ili angalau mara moja maishani aitwe Mheshimiwa Katibu. Pamela, muuza mitumba, alijiunga kwa sababu mumewe alihamia kwa mwanamke wa bara. Na hiyo nayo ikaitwa siasa.

"Kila mtu ana kidonda chake," Nyevu alimwambia Wangu, "na wote wamepewa dawa moja, tena ya kumpaka jirani."

Wangu hakucheka. "Jirani mwenyewe ni mimi, dada."

Na kweli. Meneja wa kampuni, kwa kuogopa mawe, alikubali kwamba kuanzia mwezi ujao langoni watauza wale tu walio kwenye orodha ya wenyeji. Orodha iliandikwa na chama. Ili uandikwe, uonyeshe kaburi la mtu wako hapa Gongoni, na watu wawili wakuinulie mkono barazani.

Ikawa vituko. Makaburi mengi ya zamani yalifunikwa siku mashamba ya chumvi yalipochimbwa, na waliopiga kelele zaidi ndio ambao babu zao walilala chini ya maji ya mashamba hayo. Kwa hiyo kila mtu alijitafutia tuta. Wanaume watatu walikunjana mashati juu ya tuta moja, ambalo Nyevu alilijua tangu utotoni kuwa ni kichuguu cha mchwa. Mwalimu Lewa ndiye aliyemmaliza Nyevu kabisa kwa kicheko. Wagiriama humchomekea marehemu wao koma, kigingi cha mti mgumu usioliwa na mchwa. Mwalimu, aliyekulia kwenye vitabu, alikata kijiti cha mbono, mti ule wanaoupanda kuwa ua wa boma, akakichonga kichwa na kukichomeka. Mvua ikanyesha. Siku ya ukaguzi babu yake alikuwa ametoa majani manne. Kamati ilitazama majani, ikamtazama katibu wake, ikaandika kwamba kaburi lipo.

Kaburi lisilo na shaka lilikuwa moja tu, la Kache, binti wa Wangu aliyefariki akiwa na miezi minane. Nyevu ndiye aliyempa mtoto yule jina, jina la mama mzazi wa Nyevu mwenyewe, kwa kuwa Wangu hakuwa na ndugu karibu. Ngumbao ndiye aliyelichimba. Lilikuwa na saruji na jina juu yake, na ndiyo maana Gongoni nzima, hata wenye fulana, walimwita Wangu Mama Kache.

Asubuhi ya baraza Amjad alipita langoni. "Sabalkheri, Bi Nyevu. Mahali hapa pakikaliwa na mtu mmoja, chai na mahamri vyote vyake. Nami unga na sukari nitakupunguzia."

Nyevu alimdharau kama kawaida. Lakini njia nzima ya kwenda barazani alijikuta anawaza ukubwa wa sufuria ya chai.

Mwalimu Lewa alisoma majina, akafika kwa Wangu. "Mama Kache. Kaburi lipo. Mashahidi?"

Mkono wa kwanza ulikuwa wa Ngumbao, ndani ya fulana yake ya chama. "Nililichimba mimi," alisema. "Siwezi kulikana."

"Wa pili?"

Watu wote wakageuka kumtazama Nyevu, Wangu naye akamtazama. Mikono ya Nyevu ilikuwa mapajani, unga umekauka kwenye kucha. Alijiambia kaburi la mtoto si kaburi la babu. Alijiambia ana wajukuu wanne wa kulisha. Alijiambia Wangu ana kwao, yeye hana pengine. Alijiambia mengi, na yote alikwisha kuyasikia pale pale kwenye benchi lake.

Mwalimu alingoja muda mrefu kuliko alivyomngojea mtu mwingine yeyote. Kisha akalikata jina.

Kesho yake Wangu alifunga vikombe kwenye ndoo. Hakumlaumu, na Nyevu aliona heri angemtukana. Alipoinua ndoo alisema neno moja tu: "Majani ya pale kwa Kache, utakuwa unang'oa?"

"Nitang'oa," Nyevu alisema, macho kwenye karai.

Saa ya chai alibandika sufuria kubwa. Ngumbao alifika, akasimama mbele ya benchi. Alimpima Nyevu kutoka utosini hadi kwenye ndara, taratibu, kisha akaenda zake bila kununua kitu.